Kipokezi kisichosikiliza: kwa nini panya huzima nakala ya baba ya IGF2R na binadamu wengi hawaizimi

Swali: Kwa kazi yangu ya utafiti ya mwaka wa mwisho nilipima jeni ya IGF2R kwenye seli za ngozi za binadamu. Kitabu ninachotumia kinasema jeni hii ina alama ya mzazi, yaani nakala iliyotoka kwa mama ndiyo inayofanya kazi na ile ya baba imezimwa. Mimi nimepata RNA, yaani ujumbe unaosomwa kutoka kwenye jeni, ya nakala zote mbili, tena karibu nusu kwa nusu. Nimekosea wapi? Na kuna jambo linalonisumbua zaidi ya hilo. Kipokezi ndicho kinachoiwezesha seli kusikia homoni. Mwili unapata faida gani kwa kuzima nakala nzima, isiyo na kasoro yoyote, ya jeni ya kipokezi?

Jibu: Huenda hukukosea popote. Kitabu chako kinaeleza habari za panya, na kwa panya maelezo hayo ni sahihi kabisa, ila mwandishi hakusema ni panya. Kwa binadamu, watu wengi hutumia nakala zote mbili za IGF2R, na waliokutwa nakala ya mama peke yake ikifanya kazi ni wachache. Nimesema "huenda" kwa sababu ipo njia moja ya kupata matokeo kama yako bila RNA ya baba kuwepo. Nitaifikia, na nitakuomba ufanye kipimo kabla hujaandika ripoti.

Swali lako la pili ndilo lililonifanya nikae chini kuandika. Ugumu unaouona unatokana na dhana uliyoanza nayo, kwamba kila kipokezi kipo ili seli isikie. IGF2R haimsaidii mtu kusikia IGF2. Kazi yake kwa homoni hiyo ni kuiondoa.

Tuitazame kwa karibu. IGF2 ni protini ndogo inayofanana na insulini, na ndiyo mojawapo ya homoni kuu zinazosukuma ukuaji wa mtoto tumboni. Ili seli iambiwe ikue, IGF2 lazima ishike kipokezi kingine kiitwacho IGF1R. Hicho kina sehemu ndani ya seli ambayo ni kinasi ya tairosini: homoni ikishika upande wa nje, upande wa ndani unabandika fosfeti, kwanza juu ya kipokezi chenyewe, halafu juu ya protini za jirani, na ujumbe unaenda hivyo hadi kwenye kiini. IGF2 inaweza pia kutumia kipokezi cha insulini, hasa lile umbo lake linalopatikana kwa wingi kwenye kijusi. Vipokezi hivi viwili ndivyo vinavyosikia.

IGF2R ni kitu cha aina nyingine kabisa. Ni protini kubwa sana, ya kilodaltoni 300 hivi. Sehemu yake kubwa iko nje ya utando wa seli, nayo imeundwa kwa vipande 15 vinavyofanana, vimefuatana kama tasbihi. Inaupenya utando mara moja tu, na mkia wake wa ndani ni mfupi, hauna kinasi. IGF2 hushikwa kwenye kipande cha 11. Ikishikwa, utando unajikunja, kipokezi na homoni vinaingia ndani, homoni inapelekwa kwenye lisosomu, kifuko cha kusagia ndani ya seli, na kusagwa, na kipokezi kinarudi kazini kuchukua nyingine. Homoni iliyosagwa haimfikii IGF1R, kwa hiyo kadiri seli inavyokuwa na IGF2R nyingi ndivyo agizo la kukua linavyopungua.

Protini hiyo hiyo ina kazi nyingine, ya zamani zaidi. Vimeng'enya vinavyotakiwa kufanya kazi ndani ya lisosomu hutiwa nembo ya sukari iitwayo manosi-6-fosfeti, na IGF2R ndiyo inayoitambua nembo hiyo na kuvisindikiza vimeng'enya mpaka vinapohitajika. Kwa miaka kadhaa watafiti walidhani wana vipokezi viwili tofauti mikononi. Mwaka 1987 mfuatano wa protini uliposomwa, ikaonekana ni kimoja. Kuku nao wanacho kipokezi cha manosi-6-fosfeti, lakini chao hakishiki IGF2 kama cha mamalia kinavyofanya. Kusafirisha vimeng'enya kulitangulia, basi, na kukamata homoni ya ukuaji ni kazi iliyoongezwa baadaye katika ukoo wa wanyama wanaolea watoto wao tumboni na kwa maziwa. Lishike hilo, tutalihitaji.

Sasa ushahidi. Mwaka 1990 na 1991 Thomas DeChiara, Elizabeth Robertson na Argiris Efstratiadis, wakiwa Chuo Kikuu cha Columbia mjini New York, walichapisha matokeo ya panya walioharibiwa jeni ya Igf2. (Kwa panya majina ya jeni huandikwa kwa herufi ndogo baada ya ile ya kwanza, ukiliona hilo kwenye makala unajua mara moja wanazungumzia mnyama gani.) Mtoto aliyerithi nakala mbovu kutoka kwa baba alizaliwa akiwa na takriban 60% ya uzito wa kawaida. Alikuwa mdogo mwili mzima kwa uwiano, lakini mzima wa afya na mwenye uwezo wa kuzaa. Mtoto aliyerithi nakala mbovu ile ile kutoka kwa mama alizaliwa na uzito wa kawaida, kana kwamba hana kasoro. Ukipima DNA ya watoto hao wawili utaona kitu kimoja: nakala moja nzima, moja mbovu. Kilichowatofautisha ni nakala ipi ilitoka kwa nani. Ya baba ndiyo iliyokuwa ikifanya kazi, na ya mama ilikuwa kimya tangu mwanzo, hivyo kuiharibu hakukupunguza chochote.

Kwa kipokezi, hadithi ilianza mapema zaidi, kabla mtu yeyote hajajua jeni inayohusika. Mwaka 1974 D. R. Johnson alieleza aina ya panya waliopotewa na kipande cha kromosomu ya 17. Waliorithi upungufu huo kutoka kwa baba waliishi, wakiwa na mkia mfupi. Waliourithi kutoka kwa mama walifia tumboni. Kwa miaka mingi hakuna aliyejua ni jeni gani ndani ya kipande kile iliyokuwa ikiua. Kisha mwaka 1991 Denise Barlow na wenzake mjini Vienna walizichukua jeni nne zilizomo katika eneo hilo, wakapima RNA ya kila moja katika viinitete vilivyokosa kipande cha mama. Jeni tatu bado zilitoa RNA kutoka upande wa baba. Igf2r haikutoa kitu. Nakala ya baba ilikuwepo, nzima, lakini imezimwa. Hiyo ni mojawapo ya jeni tatu za kwanza kuthibitishwa kuwa na alama ya mzazi kwa mamalia, zote mwaka huo huo. Nyingine ni Igf2 yenyewe na H19, ambayo Marisa Bartolomei na Shirley Tilghman walionyesha kwamba ni ya mama ndiyo inayofanya kazi.

Lakini jaribio ninalolipenda kuliko yote katika kisa hiki ni la miaka michache baadaye. Mwaka 1994 makundi mawili yaliiharibu Igf2r peke yake. Watoto walioirithi ikiwa mbovu kutoka kwa mama walikuwa wakubwa kupita kiasi, kiasi cha 30% zaidi ya kawaida wakati wa kuzaliwa, mioyo yao ikiwa na kasoro, na kwa kawaida walikufa wakati wa kuzaliwa au muda mfupi baadaye. Angalia mwelekeo: umeharibu kipokezi cha homoni ya ukuaji na mnyama amekuwa mkubwa. Ingekuwa kipokezi hiki kinasikiliza, angedumaa. Kisha mwaka 1996 Thomas Ludwig na wenzake walichukua panya wasio na Igf2r wakawaondolea na Igf2 pia, na panya wakaishi. Waliowaondolea Igf1r badala ya Igf2 nao waliishi, ingawa panya anayekosa Igf1r peke yake hufa mara tu akizaliwa. Waliokosa vyote viwili waliokolewa na IGF2 iliyozidi mwilini, kwa kuwa hakuna wa kuiondoa, ikatumia kipokezi cha insulini kuwakuza. Kwa hiyo kilichokuwa kikiwaua wale wa kwanza ni homoni iliyopita kiasi, wala si ukosefu wa vimeng'enya kwenye lisosomu. Ukitaka kumshawishi mtu kwamba IGF2R ni ya kuondoa, mpe jaribio hilo.

Sasa rudi kwenye swali lako. Baba wa panya anapitisha nakala inayotengeneza homoni ya ukuaji, na nakala yake ya kiondoaji imezimwa. Mama anapitisha nakala ya kiondoaji inayofanya kazi, na nakala yake ya homoni imezimwa. Nakala za baba zinasukuma mtoto awe mkubwa, za mama zinazuia. Mwaka 1991 David Haig, pamoja na Chris Graham, waliandika maelezo ya jambo hili yanayobaki kuwa yenye nguvu kuliko mengine. Mimba inamgharimu mama. Kila anachompa mtoto huyu ni kitu ambacho hatampa anayefuata, na watoto wote ni wake kwa kipimo kimoja. Jeni iliyotoka kwa baba, katika spishi ambamo mama huzaa na madume tofauti, haina uhakika wa kuwemo kwa wadogo wa mtoto huyu. Kwa hesabu hiyo, jeni ya baba inayovuta chakula zaidi kwa mtoto aliyepo itaenea, na jeni ya mama inayopunguza mvuto huo nayo itaenea. Hapo ndipo historia ya kipokezi inapoingia: msafirishaji wa vimeng'enya aligeuzwa kuwa kiondoaji cha homoni katika wanyama wale wale ambao mama yao ndiye anayebeba gharama.

Mimi naikubali nadharia hii kwa IGF2 na IGF2R. Upande unaofanya kazi wa kila jeni unalingana na inavyosema. Siikubali inapotumiwa kueleza kila jeni yenye alama, kwa sababu ziko zisizohusiana na ukuaji kabisa, na mtu akiwa na bidii anaweza kutunga hadithi ya ugomvi wa wazazi kwa jeni yoyote ile. Tena nadharia hii inaeleza kwa nini kuzimwa kunaweza kuleta faida. Haidai kwamba kila mamalia lazima azime. Binadamu hatuzimi IGF2R, wengi wetu, ilhali IGF2 yetu ni ya baba kama ya panya. Hilo halijaibomoa nadharia, lakini linatukataza kuisimulia kana kwamba kila kitu kimekwisha kujulikana.

Kitu kimoja zaidi kuhusu gharama, maana ulikiuliza kwa njia nyingine. Uko sahihi kwamba kuzima nakala moja kunaondoa akiba. Jeni ya kawaida ikiharibika upande mmoja, upande wa pili mara nyingi unatosha. Jeni yenye alama haina upande wa pili. Kondoo walituonyesha ubaya wake bila mtu kukusudia. Viinitete vya kondoo vilivyokuzwa kwa siku chache nje ya mwili kabla ya kupandikizwa wakati mwingine hutoa vijusi vikubwa mno, na mwaka 2001 Lorraine Young na wenzake walionyesha kwamba vijusi hivyo vilikuwa vimepoteza methili, yaani vibandiko vya kikemikali juu ya DNA, katika sehemu ya alama ya IGF2R, na kipokezi kimepungua. DNA haikubadilika herufi hata moja. Alama tu ilipotea, na kiondoaji kikapungua pamoja nayo.

Alama hiyo ni nini, na seli inajuaje nakala ipi ni ya baba? Seli haijui kitu kuhusu wazazi. Inasoma methili zilizobandikwa juu ya DNA, na methili hizo ziliwekwa mahali tofauti katika yai na katika mbegu ya kiume, kabla hawajakutana. Seli changa zitakazokuja kuwa mayai au mbegu hufuta kwanza alama zote walizorithi, kisha kila jinsia inaandika za kwake. Vimeng'enya vinavyoandika ni DNMT3A na msaidizi wake DNMT3L. Baada ya kutungwa mimba karibu DNA yote husafishwa methili, isipokuwa sehemu hizi chache: protini ZFP57 inazishika na kuzilinda, na DNMT1 inanakili methili kila seli inapogawanyika. Ndiyo maana mwanamume anaweza kurithi nakala kutoka kwa mama yake ikiwa na alama ya kike, akaipitisha kwa binti yake ikiwa na alama ya kiume. Hakuna jeni iliyo "ya kike" daima.

Kwa Igf2r utaratibu una jambo la kushangaza. Methili zinawekwa ndani ya yai, kwa hiyo nakala ya mama ndiyo yenye methili, na bado nakala ya mama ndiyo inayofanya kazi. Ukiwa umefundishwa kwamba methili huzima jeni utadhani kuna kosa la uchapishaji. Hakuna. Methili hizo hazijakaa kwenye mwanzo wa Igf2r. Zimekaa ndani ya jeni, kwenye introni ya pili (introni ni kipande cha jeni kinachokatwa na kutupwa RNA inapotayarishwa), mahali inapoanzia RNA nyingine iitwayo Airn, inayosomwa kuelekea upande wa kinyume na ambayo haitengenezi protini. Kwa mama, methili zinaizima Airn na Igf2r inabaki huru. Kwa baba hakuna methili, Airn inasomwa kwa zaidi ya herufi 100,000, na njiani inapita juu ya mwanzo wa Igf2r. Kundi la Barlow lilionyesha mwaka 2002 kwamba Airn ikikatwa fupi, nakala ya baba ya Igf2r inawaka. Mwaka 2012 wakaonyesha kitu kinachovutia zaidi: RNA yenyewe haihitajiki. Kinachozima ni kitendo cha mashine ya kusoma DNA kupita juu ya mwanzo wa Igf2r, kikiwazuia wasomaji wengine kuanza hapo.

Na sasa sikia hili, maana linagusa matokeo yako. Katika neuroni (seli za neva) za panya Airn haisomwi, na huko Igf2r hutoka kwenye nakala zote mbili. Alama ya methili ipo pale pale ilipo, lakini matokeo yake hayapo. Kwa binadamu hali ni ya namna hiyo mwilini kote: introni ya pili ya IGF2R ya mama ina methili kama ya panya, ila nakala ya baba haizimwi. Kwa hiyo mtu akikuuliza "je, IGF2R ina alama ya mzazi?" mwulize kwanza anamaanisha spishi gani, tishu gani, umri gani, na kama anazungumzia methili au RNA. Wanafunzi hujifunza kuzimwa kana kwamba ni sifa ya kudumu ya jeni, kama mahali ilipo kwenye kromosomu. Ni sifa ya jeni ndani ya tishu fulani kwa wakati fulani.

Mfano ulio wazi zaidi wa hilo kwa binadamu hauko kwenye kipokezi bali hatua moja nyuma yake, nami nakushauri uujue vizuri kwa sababu unauguza watu. Homoni ya paratiroidi, inayopandisha kalsiamu ya damu, hushika kipokezi chake kwenye figo, na kipokezi hicho hutegemea protini ya Gs-alfa kupitisha ujumbe ndani. Jeni ya Gs-alfa ni GNAS, kwenye kromosomu ya 20. Mwaka 1942 Fuller Albright na wenzake walieleza wagonjwa wenye kalsiamu ya chini ambao miili yao haikuitikia hata walipodungwa homoni ya paratiroidi. Walikuwa wafupi, wenye nyuso za mviringo na baadhi ya mifupa ya viganja iliyo mifupi. Miaka kumi baadaye Albright alieleza watu wenye umbo lile lile, lakini kalsiamu yao iko sawa. Katika ukoo mmoja unaweza kukuta aina zote mbili, na kwa muda mrefu hilo lilikuwa fumbo.

Jibu ni GNAS. Kwenye mifupa nakala zote mbili zinafanya kazi, kwa hiyo yeyote mwenye nakala moja mbovu hupungukiwa nusu na kupata lile umbo. Kwenye mirija ya figo inayoitikia homoni hii, nakala ya baba imezimwa kwa sehemu kubwa. Aliyerithi ubovu kutoka kwa mama hana Gs-alfa ya kutosha figoni: kipokezi kipo, homoni imejaa damuni, na figo halisikii. Aliyerithi ubovu ule ule kutoka kwa baba anapata mifupa mifupi tu. Mama mwenye umbo hilo na kalsiamu ya kawaida anaweza kumzaa mtoto mwenye kalsiamu ya hatari, bila herufi mpya yoyote kubadilika. Ukisoma jeni ya kipokezi cha mtoto huyo utaikuta safi. Usipouliza nakala mbovu imetoka kwa nani, utamwambia mama jambo lisilo sahihi kuhusu mtoto wake ajaye.

Turudi maabara. Kwa panya tunathibitisha alama ya mzazi kwa kuzalisha pande mbili. Unachukua aina mbili za panya zinazotofautiana herufi moja ndani ya jeni, tuseme aina moja ina A na nyingine ina G. Mama wa A unampa dume wa G, unachukua tishu ya mtoto, unageuza RNA kuwa DNA na kusoma. Umepata A peke yake. Hujathibitisha kitu bado, kwa sababu pengine nakala ya A ni yenye nguvu zaidi kwa asili yake. Unageuza: mama wa G, dume wa A. Ukipata G peke yake, nakala inamfuata mama na hapo una alama ya mzazi. Ukipata A tena, nakala inaifuata aina ya panya, na hakuna alama. Kama tishu yako ni kondo la nyuma, kuwa mwangalifu mara mbili, maana damu na seli za mama mwenyewe zikichanganyika humo kila jeni itaonekana ya mama.

Umakini huu si wa bure. Mwaka 2010 kulichapishwa kazi iliyodai kwamba zaidi ya sehemu 1,300 katika ubongo wa panya zina upendeleo wa mzazi. Wakati huo jeni zilizothibitishwa zilikuwa karibu mia moja na kitu. Mwaka 2012 kundi jingine lilizichambua upya data hizo, likaonyesha kwamba nyingi ya zile mpya zilitokana na kelele za kipimo na takwimu zisizozingatia kelele hizo. Kifaa cha kusoma RNA kilikuwa kizuri. Kilichokosekana ni makadirio ya kweli ya makosa.

Wewe huwezi kuzalisha watu pande mbili, kwa hiyo unategemea mtu mwenye herufi mbili tofauti ndani ya IGF2R, na inaonekana unaye. Hapa ndipo kuna ile njia ya kukosea niliyoitaja mwanzo. Kama RNA yako ilibaki na DNA kidogo, PCR, mbinu ya kunakili DNA mara nyingi, itaikuza hiyo DNA, na DNA ya mtu huyo daima ina herufi zote mbili, nusu kwa nusu. Uliandika "karibu nusu kwa nusu". Hiyo ndiyo picha ya nakala mbili zinazofanya kazi, na ndiyo picha ya DNA iliyochafua sampuli. Huwezi kuzitofautisha kwa kuziangalia.

Rudia kipimo bila kuweka kimeng'enya cha kugeuza RNA kuwa DNA. Kila kitu kingine kiwe vile vile. Mrija huo ukitoa bendi, unachokiona ni DNA, na matokeo yako ya kwanza hayahesabiki mpaka usafishe RNA upya. Usipotoa kitu, uko salama. Afadhali zaidi, tengeneza praima zako (vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha PCR) upya ili moja iwe kwenye eksoni moja, yaani kipande cha jeni kinachobaki kwenye RNA, na ya pili kwenye eksoni nyingine yenye introni ndefu katikati. Hapo DNA haitaweza kukuzwa hata ikiwepo.

Kisha ongeza jeni ya kulinganishia ambayo jibu lake linajulikana. Kwa fibroblasti za ngozi ningechagua SNRPN, iliyoko kwenye kromosomu ya 15, ambayo kwa binadamu nakala ya baba peke yake ndiyo hufanya kazi. Mtafute mtu mwenye herufi mbili tofauti ndani ya SNRPN, tumia RNA ile ile, siku ile ile, mashine ile ile. Ukipata herufi moja kwa SNRPN na mbili kwa IGF2R, hapo unaweza kuandika bila woga kwamba IGF2R ya mtu huyu, katika seli hizi, hutoka kwa wazazi wote wawili. Ukikosa mtu wa namna hiyo, pima methili za mwanzo wa SNRPN: nusu ya DNA inapaswa kuwa nazo na nusu isiwe nazo, na kipimo hicho hakihitaji tofauti ya herufi yoyote. Ila kumbuka kitakuambia kwamba alama ipo, hakitakuambia RNA inatoka wapi.

Kwenye ripoti, usiandike kwamba umekipinga kitabu. Andika spishi, tishu, idadi ya watu uliowapima na idadi ya waliokuwa na herufi mbili, maana wachache wale wanaozima nakala ya baba wapo kweli, na mtu wako mmoja hawezi kuwasemea wengine.